Haina Moshi

Winifred alipanda juu ya kigoda, akainua donge jeusi hadi kwenye alama iliyochorwa ukutani, akaliachia. Lilianguka juu ya bamba la chuma, likadunda, likatulia. Akaliokota, akaligeuza, akalipandisha tena. Mara ya tatu ndipo kipande kidogo kama ukucha kilipomeguka pembeni, na Usumani, aliyekuwa amebana pumzi muda wote, akamgeukia mkewe Yasmina akatabasamu. Donge lile walilitengeneza wenyewe kwa vumbi la mkaa, lile linalobaki chini ya magunia kule sokoni Nyabugogo, Kigali, na ambalo wachuuzi hulifagia mtaroni. Walikuwa wanalichanganya na uji wa muhogo, wanalishindilia kwenye mashine, kisha wanaanika. Watu huita briketi.

"Nguvu iko," Winifred alisema. Alikuwa mtaalamu wa maabara aliyekulia Uganda, na Kiswahili chake alikiokota hapa na pale. "Hapo hamuna shida. Sasa tuone maji."

Maji ndiyo yaliyowamaliza. Alisaga briketi, akapima unga wake kwenye mizani, akautia ndani ya kitanuri cha umeme. Wakangoja kwenye benchi. Alipoutoa akaupima tena, akatikisa kichwa.

"Mzee, hizi ziko na maji mingi. Zaidi ya ile tunakubali."

"Maji gani, binti yangu? Shika hii nyingine uone. Iko kavu kabisa."

"Iko kavu ya nje. Ndani kuna maji. Ukiwasha, moto ya kwanza yote inakwenda kukausha hayo maji, haiendi kwa sufuria. Wapishi watakutukana."

Nyuma yao walikuwapo vijana wawili wa kampuni fulani, mashati yamepigwa pasi, sampuli zao zimo ndani ya visanduku vyenye nembo. Sampuli ya Usumani ilikuja katika mfuko wa sukari. Mmoja wa vijana wale aliuangalia mfuko, akaangalia viatu vya Usumani, akamnong'oneza mwenzake, na wote wawili wakacheka kwa pua. Yasmina aliyaona yote hayo. Asubuhi alikuwa amevaa mtandio wake wa Idi kwa ajili ya safari hii, na sasa alijuta kuuvaa.

"Mulete zingine Alhamisi," Winifred alisema, na kusema kweli alisema kwa huruma. "Mukikosa Alhamisi, vyombo vinakwenda matengenezo. Tutaonana mwezi ujao."

Mwezi ujao ulikuwa hauna faida kwao. Kule Gahanga kulikuwa na shule ya bweni, na mhasibu wake, Bwana Rwema, alikuwa ameahidi kununua briketi zao kila wiki mwaka mzima, ilimradi wamletee cheti cha maabara kabla ya Jumamosi, siku wanafunzi watakapofungua. Mashine ya kushindilia waliinunua kwa cherehani mbili za Yasmina, zilizowalisha tangu walipokuwa wakiishi Nyamirambo. Bila ile shule, mashine ilikuwa chuma tu cha kukalia.

*

Kukausha briketi ni kazi ya jua, na wiki hiyo jua la Gatsata, mtaa wao, lilikuwa limekwenda zake. Mvua ilianza Jumatatu jioni, ikaamkia Jumanne, maji mekundu yakiteremka mlimani katikati ya nyumba kama yana haraka ya kufika Nyabugogo. Briketi zilikuwa barazani juu ya vichanja, zimefunikwa turubai, na kila Usumani alipoinua turubai akazigusa zilikuwa baridi na laini kama sabuni iliyolala majini.

Simu ikalia. Alikuwa Rwema.

"Cheti iko wapi?"

"Bosi, iko karibu. Alhamisi."

"Usumani, mimi iko na watu wengine hapa wananipigia. Watu wa kampuni. Wewe nilikuchukua kwa sababu ulisema makara yako haina moshi. Jikoni kwangu kumekuwa nyeusi mpaka kwa paa."

"Haina moshi, bosi. Ile ni kweli."

"Basi lete karatasi. Usinifanye mutoto."

Usumani aliiweka simu mfukoni, akasimama akitazama mvua. Ndani ya nyumba palikuwa na vyumba viwili. Cha mbele walilala yeye na mkewe, na sakafu yake ilikuwa imelowa kwa maji yaliyopenya chini ya mlango. Cha nyuma alilala mama yake, Mukagasana, ambaye mtaa mzima ulimwita Mukecuru kwa heshima ya umri wake. Chumba cha Mukecuru kilikuwa kidogo, kimesakafiwa saruji, kina dirisha moja dogo. Ndicho chumba pekee kilichokuwa kikavu.

"Tuziingize kwa Mama," alisema, akaashiria mbabura, jiko lao la mkaa. "Tuweke na mbabura katikati. Zitakauka mpaka jioni."

Yasmina aliacha kukanda unga. "Moto ndani? Na Mama amelala?"

"Si makara ya gunia. Ni vile vipande vya zetu za kiangazi, zilizovunjika. Haina moshi, Mama Shami. Si ndiyo tunauzia watu?"

Hapo ndipo palipo na uchungu wa habari hii, na mimi nisingependa mtu adhani walikuwa wajinga. Mkaa wa kawaida wasingeuingiza chumbani hata kama mvua ingenyesha mwezi mzima. Yasmina alikua akisikia habari za watu waliolala na mbabura wakaamka maiti, na kila siku zilisemwa hivyo hivyo, kwamba wameuawa na moshi. Na wao walikuwa wameshinda mwaka mzima wakipita nyumba kwa nyumba, wakiwasha briketi mbele ya wanawake, wakiwaambia sogeza pua, unasikia nini? Wanawake walisogeza pua, hawakusikia kitu. Mtu akisema neno mara elfu kwa wateja, mwishowe na yeye mwenyewe huwa mteja.

Yasmina akafikiri, akaona mumewe kasema kweli. Walipanga vichanja kukizunguka kitanda, wakawasha mbabura nje chini ya mchirizi, na makaa yalipokolea yakawa mekundu bila wingu hata dogo juu yake, Usumani akaibeba akaiweka katikati ya chumba. Ni Yasmina aliyeziba ufa wa dirisha kwa vitambaa, unyevunyevu usiingie. Ni yeye pia aliyeuvuta mlango.

Mukecuru alinyoosha mikono yake iliyopinda kwa baridi yabisi, akaipasha.

"Leo mumenikumbuka," alisema. "Mifupa yangu inasema asante."

"Ni kwa briketi, Mama," Usumani alimwambia akicheka. "Wewe unapata cha juu."

"Hata kama. Joto ni joto."

Usumani akajifunika mfuko wa nailoni kichwani, akashuka Nyabugogo kutafuta unga wa muhogo kwa ajili ya mzigo wa kwanza wa shule. Alikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu baadaye alijichukia kwa furaha ile kuliko kwa jambo jingine lolote.

*

Yasmina aliingia mara ya kwanza kugeuza briketi. Mukecuru akalalamika kichwa kinamgonga. Yasmina akamletea chai ya tangawizi na kumfunga kitambaa kipajini. Aliingia mara ya pili, na safari hii na yeye kichwa kikamzunguka. Alishika ukuta. Akakumbuka kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, akajisema mwenyewe kwa uzembe, akatoka, akauvuta mlango joto lisipotee. Briketi zilikuwa zimeanza kulia vizuri zikigonganishwa, sauti kavu kama ya kigae.

Adhana ya alasiri iliposikika kwa mbali, alikwenda kumwamsha mkwewe aswali. Hakuamka. Alikuwa ametapika kidogo kwenye mto. Uso wake ulikuwa na wekundu mzuri, midomo imeng'aa, kama mtu aliyetoka kucheka, na kwa sekunde moja Yasmina alidhani amepata nafuu. Kisha akamtikisa na mkono wa Mukecuru ukaanguka wenyewe pembeni ya kitanda.

Usumani alikuwa anapanda ngazi za udongo na unga wake begani alipomsikia mkewe akimwita. Aliutupa unga kwenye matope.

*

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa watu waliokimbia mvua pamoja na wagonjwa. Walimbeba Mukecuru katika blanketi, majirani wakisaidia, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu kilichokuwa ukumbini. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Générose, mama wa makamo, mchovu, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi. Alimfunua mgonjwa macho, akamtazama midomo, akakunja uso.

"Alianza lini?"

"Mchana," Usumani akasema. "Iko na presha huyu. Siku nyingi iko na presha."

"Mulikuwa na mbabura mu nyumba?"

Kwenye benchi lililokuwa nyuma yao, mwanamke mmoja alikuwa ameshainua shingo. Yasmina alimjua. Alikuwa akinunua kwao kila wiki. "Huyu si Usumani wa briketi?" mwanamke yule alimwambia jirani yake, bila ubaya wowote. "Mimi napikia zake. Hazina moshi hata kidogo." Watu watatu wanne wakageuka kumtazama Usumani.

"Oya," Usumani akamwambia muuguzi, akikataa kwa kichwa. "Sisi tunapika nje."

"Hakuna moto wowote ndani? Nisikilize, muzee, niko nauliza kwa sababu."

"Tunapika nje, nimekwambia. Ni presha."

Générose akamgeukia Yasmina. Yasmina aliangalia sakafu. Alikuwa anasikia maji yakimchuruzika kwenye sketi, na alikuwa anasikia vilevile benchi zima likisikiliza. Muuguzi akangoja kidogo, kisha akafunga mkono wa Mukecuru kifaa cha kupimia presha, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Mukecuru alikuwa anavuta pumzi kwa kukoroma, kwa mbali mbali. Usumani alimshika mguu juu ya blanketi, akawa anausugua, midomo ikitembea katika dua. Ndipo simu yake ikalia tena, na ilikuwa ni Rwema tena, na Usumani, Mungu amsamehe, akatoka nje kuipokea.

Yasmina hakungoja mlango ujifunge. Alimkamata muuguzi mkono.

"Moto ulikuwa ndani," alisema. "Mbabura. Tangu asubuhi. Dirisha mimi nililiziba."

Générose hakumgombeza. Aliita kwa sauti mtungi wa oksijeni uletwe, akampigia mtu simu kuhusu gari la wagonjwa, akaanza kufunga barakoa usoni pa Mukecuru, yote hayo kwa mpigo mmoja. Usumani aliporudi akaiona barakoa, akamtazama mkewe, akaelewa. Alikwenda akaegemea ukuta, na mwanamke wa kwenye benchi akahama, akasogea mbali naye.

Mukagasana alifia katika gari, kabla halijafika hospitali kubwa. Hakuna daktari aliyewaambia kama dakika zile zingemwokoa. Wao wenyewe hawakuuliza.

*

Walimzika Jumatano baada ya sala ya adhuhuri. Wanawake waliokuja kumwosha walihitaji nafasi, wakavitoa vichanja chumbani wakavipanga mezani, wakizishika briketi kwa uangalifu zisivunjike. "Hizi zimekauka vizuri," mmoja alisema, mtu mwema asiyejua kitu, na Yasmina akatoka nje akakaa penye mvua. Binti yao, Shami, aliyekuwa akisoma mbali, alifika wakati kaburi limekwisha kufunikwa. Aliuliza bibi aliumwa nini. Baba yake akamjibu presha.

Alhamisi asubuhi Usumani alichukua mfuko wa sukari akaanza kutia briketi. Yasmina alisimama mlangoni.

"Hizo hutazitoa humu."

"Nipishe."

"Baba Shami, hizo zimekaushwa na roho ya mama yako. Utaziuza namna gani?"

"Nikizitupa atarudi?" Alisema taratibu, bila kumwangalia. "Sema. Kama atarudi, nitazitupa mtoni zote na mashine juu yake. Cherehani zako zimekwenda. Mama amekwenda. Unataka tubaki na nini?"

"Ulimdanganya muuguzi."

"Najua nilichofanya."

"Kwa ajili ya watu wa kwenye benchi."

"Nimesema najua, Yasmina." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina lake. Briketi moja ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Haikuvunjika. Aliiokota, akaitia mfukoni pamoja na nyingine, na mkewe akampisha.

*

Winifred alizidondosha, akazipima, akazitia katika kitanuri. Akachoma unga kidogo katika kikombe cheupe mpaka yakabaki majivu, akayapima na hayo. Mwisho akawasha mbabura uani, akaweka sufuria ya maji juu yake, saa mkononi. Maji yalichemka upesi. Makaa yalikuwa mekundu, tulivu, hewa juu yake ikicheza tu kidogo.

"Mzee, umenishangaza," alisema. "Maji imeshuka sana. Majivu kidogo. Hii ni kazi safi kabisa. Wiki hii ya mvua, watu wote wameanguka hapa, hata wale wa kampuni."

Usumani aliitazama mbabura ile. "Binti yangu, kuna kipimo ya ile kitu inaua?"

"Kitu gani?"

"Hewa yake. Kama mtu amefunga mlango."

"Ah, hiyo. Hapa hatupimi hiyo." Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. "Makara yote iko nayo, hata kama haina moshi. Ile haina harufu, haina rangi. Ndiyo maana mtu anawasha nje ama anafungua madirisha. Hiyo kila mtu anajua, mzee."

"Kila mtu anajua," Usumani alisema.

Winifred akagonga mhuri, akampa karatasi kwa mikono miwili, akampongeza.

*

Ijumaa alifika Gahanga asubuhi, kanzu yake ya msibani bado mwilini kwa sababu nguo nyingine zilikuwa hazijakauka. Rwema alimpokea kwa uchangamfu asiouzoea. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena, akampiga bega.

"Sasa wewe ni mtu. Kuja nikuonyeshe jikoni."

Jiko la shule lilikuwa jumba refu lenye kuta nyeusi, sufuria kubwa mfano wa mapipa zimekaa juu ya mafiga. Wapishi wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja, walikuwa wanachambua maharagwe kwa ajili ya siku ya kufungua. Upande wa nyuma kulikuwa na madirisha manne mapana yasiyo na vioo, na fundi mwashi alikuwa ameshaziba matatu. La nne alikuwa amelifikisha nusu.

"Unaona?" Rwema alisema. "Nimekusikiliza. Kama haina moshi, haya matobo ni ya nini? Wezi wanapita hapo usiku wanachukua mafuta ya kupikia. Na mvua inaingia. Nafunga yote, mlango moja inatosha."

Usumani aliangalia tofali, akaangalia wapishi.

"Bosi, acha hayo madirisha. Joto litawasumbua."

"Wamezoea joto hawa."

"Acha hata mawili."

"Usumani, wewe ni fundi wa makara ama fundi wa nyumba?" Wapishi wakacheka. "Kesho unaleta mzigo. Mambo ya nyumba niachie."

Cheti kilikuwa bado mkononi mwa Rwema. Ilimtosha Usumani kunyamaza. Angeweza kurudi nyumbani na kumwambia mkewe tumepata, na pengine siku moja cherehani zingerudi. Alifikiri hivyo kweli, nisimpambe, alisimama pale akafikiri hivyo kwa kitambo. Kisha akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mama yangu nimemzika juzi. Alikuwa katika chumba kimefungwa, na hizi hizi ndani, zinawaka. Mimi ndiye niliziweka. Hazina moshi, bosi, lakini zinaua. Niliwaambia watu ni presha. Si presha."

Wapishi waliacha maharagwe. Rwema alimtazama, akaitazama karatasi, mhuri wake mbichi.

"Na hii inasema nini, basi?"

"Inasema zinawaka vizuri. Ni kweli, bosi. Zinawaka vizuri."

Rwema akamshika kiwiko, akamvuta kando, akashusha sauti. "Mwihangane, pole kwa mzazi. Lakini maneno kama hayo huwezi kuleta mbele ya wafanyakazi. Kesho wazazi wa watoto watanipigia simu." Alimrudishia karatasi, ameikunja vizuri mara mbili. "Nenda nyumbani, ulie mama yako. Mimi nitachukua za wale wa kampuni. Zao hazina matatizo."

"Zote ni sawasawa, bosi. Za kampuni, za gunia, zote."

"Nenda nyumbani, Usumani." Kisha akamgeukia fundi. "Wewe, malizia kazi."

Fundi alichota udongo kwa mwiko, akapanga tofali nyingine. Usumani aliuona mkono wake ukiisawazisha, polepole, kwa ustadi wa mtu anayelipwa kwa siku. Alikwenda pale dirishani, akaishika ile tofali kwa mikono miwili akaitoa. Ilitoka kwa urahisi, udongo wake ulikuwa bado mbichi. Akaiweka chini, akashika ya pili. Fundi alirudi nyuma na mwiko wake. Mlangoni Rwema alikuwa anamwita mlinzi, na wapishi wote wanne walikuwa wamesimama wanamtazama mzee mwenye kanzu chafu anayebomoa ukuta wa watu, na hakuna hata mmoja wao aliyesogea kumsaidia wala kumzuia.

Alitoa tofali tano kabla mlinzi hajafika.